Nimeenda kupimwa "kinga ya mwili" kwa ile mashine ya kushika chuma, Mwanjelwa: nyota 1, na sababu zake

Naanza na bei maana ndo kitu watu wanaulizaga kwanza. Kupima ni elfu 10, wanasema hiyo ni ofa na bei yake ya kawaida ni elfu 50, ila sijamuona aliyelipa hiyo 50. Dozi tuliyoandikiwa ni laki 2 na elfu 85, chupa tatu, kila chupa ya mwezi mmoja. Tumetoka na chupa moja, elfu 95, hela ya maparachichi ya mamdogo wangu.

Ofisi ipo maeneo ya Mwanjelwa, ghorofani. Jina lao silitaji, na wala sio wao peke yao, kwa Mbeya mnaijua aina hii ya huduma, gari la matangazo linapita Kabwe mpaka Mafiati linasema njoo upime mwili mzima bila kutoa damu, bila sindano, majibu hapohapo. Ukienda Iringa mjini wapo, Makambako wapo, Tunduma ndo usiseme. Kwaiyo hii review mchukulie ni ya huduma yenyewe popote mtakapokutana nayo.

Walichofanya vizuri nakisema kwanza kwasababu kipo. Mapokezi ni mazuri sana. Mamdogo katoka Tukuyu na noah ya alfajiri, kaingia pale kachoka, yule kijana wa mapokezi akasimama kabisa, akamsalimia kwa Kinyakyusa, "Mwagonile mama", akamtafutia kiti, akampa maji ya kunywa, akamuuliza mvua huko Rungwe ikoje na migomba inaendeleaje. Hakuna foleni, hakuna kuzungushwa dirisha hili mara dirisha lile, na anakusikiliza mpaka unamaliza. Mtu mzima akisikilizwa hivyo anaamini chochote kinachofuata, na mimi simlaumu mamdogo hata kidogo. Sehemu zinazotibu kweli zingekuwa na mapokezi ya hivi hizi ofisi zingekosa wateja.

Sasa kipimo. Ni kiboksi kidogo kinachomekwa kwenye laptop kwa waya, na kwenye kiboksi kuna waya mwingine wenye kifimbo cha chuma, hicho unakishika mkononi. Kabla hajaanza anaandika jina, jinsia, umri, urefu na uzito. Mizani haipo, anauliza tu. Mamdogo akasema "sijui mwanangu, weka hata sabini", akaweka sabini. Kikaanza, kwenye skrini picha ya mtu inawaka rangi rangi na mistari inacheza, kama dakika moja hivi kimeisha, printa ikaanza kutoa makaratasi. Makaratasi mengi kwelikweli, ini, figo, moyo, macho, mifupa, sukari, homoni, na ukurasa mmoja mzima wa mfumo wa kinga. Kila mstari una namba yenye desimali tatu na pembeni pameandikwa kawaida au sio kawaida, yote kwa Kiingereza ambacho mamdogo hasomi.

Kijana akachukua kalamu nyekundu akazungushia zungushia, alafu akaandika juu ya ukurasa wa kinga, 38%. "Mama, kinga yako imeshuka sana, uko asilimia thelathini na nane, ikifika thelathini mwili unaanza kushambuliwa na kila kitu."

Mamdogo hakuuliza swali. Alikaa kimya anaangalia ile kalamu nyekundu. Na hapa lazima nieleze kwa wasomaji wa mbali, huku kwetu nyanda za juu kusini ukimwambia mtu mzima kinga yako imeshuka haukumwambia kitu chepesi. Utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Kila ukoo umezika. Mamdogo kalea watoto wa marehemu dada zake wawili. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia 38% kwa kalamu nyekundu anaona jeneza, na hiyo hofu ndo inayofungua pochi.

38% ya nini lakini? Mia yenyewe ni nini? Nikamuuliza kijana kwa heshima kabisa, akasema mia ni kinga kamili. Hakuna kitu hicho jamani. Kwenye damu kuna seli za kinga za aina nyingi sana, kila aina na kazi yake, na kingamwili, yaani protini zinazomkamata mdudu wa ugonjwa, za kila ugonjwa uliowahi kukutana nao au kuchanjwa, mtu anaweza kuwa na kinga kali ya surua na asiwe na hata chembe ya kinga ya homa ya ini B. Hauwezi kujumlisha yote hayo ukapata namba moja, hata watu wanaofanya utafiti wa kinga maisha yao yote hawana hiyo namba.

Basi nikalipa na mimi elfu 10, maana nilikuwa na sababu yangu.

Mimi sina bandama. Nilipata ajali ya bodaboda Uyole miaka ya nyuma, bandama likapasuka, nikapasuliwa usiku uleule likatolewa. Tangu hapo habari za kinga kwangu sio stori za mtandaoni, ni maisha. Bandama linachuja damu, linakamata bakteria ambao wana gamba la nje la utelezi, hasa yule wa nimonia, na ndani yake kuna seli zinazotengeneza kingamwili za kuwashughulikia haohao. Asiye na bandama akipata maambukizi ya damu anaweza akaondoka ndani ya siku moja. Daktari aliyenitoa aliniambia homa yoyote usilale nayo, njoo hospitali siku hiyohiyo, na uchanje chanjo ya nimonia na ya uti wa mgongo, na ukienda Kyela ulale kwenye neti bila kukosa, maana malaria kwa mtu kama wewe ni mbaya zaidi. Hayo maneno nayafuata mpaka leo, na ndo yalinifanya nianze kusoma kila kitu ninachokipata kuhusu kinga.

Nikashika kile chuma. Karatasi ikatoka. Mstari wa bandama: kawaida. Namba, nukta, desimali tatu, kawaida.

Nikamwonyesha kijana kovu, lipo refu tu juu ya kitovu. Akaangalia karatasi, akaangalia kovu, akasema mashine inasoma nishati ya kiungo, hata kikitolewa nishati yake inabaki. Nikamwambia basi nipime tena ila umri weka 70. Alisitasita ila akaweka. Mimi yuleyule, mkono uleule, kiti kilekile, kinga ikashuka na mifupa ikawa mibovu. Yaani ile mashine inasoma alichoandika yeye kwenye laptop. Mgonjwa angeacha kushika kile chuma sidhani kama ingekuwa na tofauti kubwa.

Kuna mstari mwingine kwenye ule ukurasa ulionikera zaidi ya bandama, mstari wa thaimasi. Hiki ni kitezi kipo nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wanadhani hakina kazi yoyote. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, akatoa kitezi hicho kwa panya waliotoka kuzaliwa, wale panya wakakua dhaifu, wanakufa kwa maambukizi, na ukiwabandika ngozi ya panya mwingine miili yao haiikatai kama inavyotakiwa. Hapo ndo ikajulikana kwamba seli zinazoitwa T zinakomaa mle. Na kitezi chenyewe kinaanza kusinyaa kuanzia balehe, mtu akifika umri wa mamdogo sehemu kubwa imeshageuka mafuta. Kwaiyo ukimwambia mama wa miaka sitini na kitu kwamba thaimasi yake ipo kawaida haujamwambia kitu chochote chenye maana, na yule kijana alivyoulizwa thaimasi iko wapi alionyesha shingoni.

Nampenda sana huyo Miller na wenzake kwasababu walihangaika. Kuna mwingine alikuwa anahangaika na kuku, Bruce Glick, Marekani. Kuku ana kifuko kidogo sehemu ya nyuma, karibu na pale yai linapotokea, kazi yake ilikuwa haijulikani. Glick alikuwa anavitoa kwa kuku wadogo aone itakuwaje. Mwenzake akaja kuchukua baadhi ya wale kuku kwa ajili ya somo darasani, akawachoma bakteria wa salmonela ili wanafunzi waone kingamwili zinavyotengenezwa, na wale waliotolewa kifuko hawakutengeneza. Majibu yalitoka 1956 kwenye jarida la wafugaji wa kuku, na miaka ikapita kabla wakubwa wa tiba hawajashtuka kwamba hapo kuna jambo kubwa, kwamba kinga ina matawi mawili, moja la seli zinazokomaa kwenye thaimasi na lingine la seli zinazotengeneza kingamwili, ambazo sisi watu zinatengenezwa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Maarifa yote haya yalipatikana kwa kupasua, kutoa, kusubiri, kulinganisha na kurudia. Leo mtu anakushikisha chuma dakika moja anakwambia kasoma uboho, tonsili, bandama na thaimasi. Inaniuma kwakweli.

Tena sio mambo ya Ulaya na Marekani tu. Hapahapa Mbeya, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa miaka mingi kimekuwa kinafanya utafiti wa VVU na kifua kikuu. Kuna kazi moja ilitoka 2014, ilifanyika Mbeya na Bagamoyo, kuhusu kifua kikuu kwa watoto, na nikiisoma huwa najisikia fahari. Shida ya TB kwa mtoto mdogo ni kwamba hawezi kukohoa makohozi ukayapima, kwaiyo wengi wanakosa majibu. Wale watafiti wakachukua damu ya mtoto wakaichanganya na vipande vya protini vya bakteria wa TB, wakaiacha usiku mzima, alafu wakaangalia zile seli T zinazomtambua yule bakteria. Ugonjwa ukiwa unaendelea mwilini, hizo seli zinakuwa zimepoteza alama fulani kwenye ngozi yake inayoitwa CD27, kama ugonjwa umelala alama inabaki. Yaani damu yenyewe inaulizwa, wewe seli umekutana na nani na bado unapigana naye au umeshamaliza? Majibu ndani ya saa 24. Kipimo kilikamata watoto wenye TB karibu 83 katika kila 100, na wasio nayo kiliwatambua karibu 97 katika 100. Huko ndo kusoma kinga kwa kweli, na angalieni kilivyohitaji damu, protini, usiku mzima, mashine inayopitisha seli moja moja kwenye mwanga wa leza, na bado hawakusema kinapatia vyote.

CD4 ambayo wengi tunaijua kutoka CTC, zile kliniki za watu wenye VVU, nayo ni hivyohivyo, ni kuhesabu. Idadi ya seli za aina moja kwenye tone dogo la damu, kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500, ikishuka chini ya 200 ndo hatari. Haitolewi kwa kushika kitu. Na hata hiyo inakwambia habari za aina moja tu ya seli.

Nirudi kwenye chupa. Ni vidonge vya kijani, kibandiko kinasema spirulina, zinki, vitamini C, ginseng, na maneno makubwa kwamba vinapandisha kinga mara tano. Kijana alisema ukimaliza chupa tatu unarudi kupima, kinga itakuwa imefika 80.

Hilo la kupandisha kinga mara tano naomba tulitulizie akili kidogo. Machi 2006, hospitali ya Northwick Park London, vijana sita wazima wa afya walipewa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412, kazi yake ilikuwa kuziamsha seli T. Ndani ya saa moja na nusu hivi walianza kuumwa kichwa, mgongo, homa, kutapika, shinikizo la damu likaanguka, baadae viungo vikaanza kugoma, wote sita wakaishia ICU. Walipona, ila mmoja alipoteza vidole. Hakukuwa na kirusi wala bakteria pale, ni kinga yao wenyewe iliyowaka kupita kiasi. Kwaiyo dawa inayopandisha kinga yote kwa mkupuo kama wanavyotangaza, kama ingekuwepo kweli kwenye ile chupa, mamdogo angetakiwa ainywee akiwa amelazwa.

Maana kinga ina breki, na breki zenyewe ni muhimu sawa na injini. Kila mtu wa Mbeya ameshaona lori lililokata breki mteremko wa Iwambi, hamna anayesema tatizo lilikuwa injini haina nguvu. Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha 1995 kwamba kuna seli T maalumu ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine zisishambulie mwili wenyewe, wakati huo wengi walikuwa hawaamini jambo hilo. Mary Brunkow na Fred Ramsdell, Marekani, wakafuatilia aina ya panya waliokuwa wanazaliwa wagonjwa, ngozi inababuka, wanakufa mapema, mpaka 2001 wakaipata jeni iliyoharibika, Foxp3, na wakagundua ikiharibika kwa binadamu nayo inaleta ugonjwa mbaya kwa watoto wa kiume. Hiyo jeni ndo inazifanya zile seli za kutuliza ziwepo. Watu hao watatu walipewa Nobel ya tiba 2025. Na magonjwa ya breki kulegea tunayo hapahapa mitaani, baridi yabisi inayopinda vidole, lupus, kisukari cha watoto kile cha sindano. Dada yangu mmoja kanisani ana lupus, anakunywa dawa za kushusha kinga, na anatumiwa meseji na hawahawa mawakala wamuuzie dawa ya kupandisha. Hebu fikirieni.

Vitamini C sio sumu, siisemi vibaya. Ila tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zimeonyesha kwamba ukiinywa kila siku haikuzuii kupata mafua kama wewe ni mtu wa kawaida, inachofanya ni kufupisha mafua kidogo, kwa watu wazima kama asilimia 8. Walioonekana kupungukiwa mafua kwa nusu ni wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi kwenye mazoezi ya baridi kali. Alafu pera lina vitamini C kuzidi chungwa mara kadhaa, na mapera Tukuyu yanaoza chini ya mti. Elfu 95!

Kitu ambacho sitawasamehe ni hiki. Wakati tunatoka kuna baba mmoja alikuwa anasubiri, kijana akamwambia mbele yetu kwamba hata watu wa CTC wanakuja pale wanapandisha CD4 na "wengine hata vile vidonge hawavihitaji tena". Nilirudi nikasimama nikamwambia yule baba, mzee wangu shikamoo, kama wewe au mtu wako anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, tafadhali msiache. CD4 ya mtu mwenye VVU inapanda kwasababu ARV zinamzuia kirusi kuzaliana na seli zinapata nafasi ya kujijenga, ukiziacha kirusi kinarudi kwasababu kilikuwa kimejificha ndani ya seli, hakikufa. 2011 wakati wa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya Babu, tuliona watu wanaacha dawa, huku kwetu magari yalikuwa yanajaa kwenda kule, na wapo tuliowazika baada ya hapo. Yule baba alinisikiliza, akashukuru, ila hakuondoka kwenye kiti, sijui aliishia wapi.

Mamdogo je. Yeye alichokuwa anaumwa ni uchovu, fangasi zinazorudi rudi, kidonda cha mguuni hakiponi na usiku anaamka kunywa maji na kwenda chooni. Wengi mnaosoma mmeshajua. Kwenye karatasi ya mashine sukari imeandikwa kawaida. Kesho yake asubuhi kabla hajanywa hata chai nikampeleka maabara iliyosajiliwa, kidole kikatobolewa, kipimo elfu 3, sukari ikasoma 14, na kuanzia 7 kabla ya kula ndo kinaitwa kisukari. Daktari akarudia na kipimo kingine kuthibitisha. Sukari ikikaa juu muda mrefu zile seli nyeupe za kwanza kufika kwenye kidonda zinakuwa nzito, hazifiki haraka, hazimezi bakteria vizuri, na damu haifiki miguuni inavyotakiwa, na fangasi zenyewe zinapenda sukari. Kwaiyo ndio, kinga yake ilikuwa na shida, shida yenye jina, yenye dawa, inayopimwa kwa elfu 3, na wale watu waliishika mikononi wakaandika kawaida. Angekaa na zile chupa miezi mitatu huku anasubiri ifike 80 huo mguu ungekuwa wapi?

Sasahivi anatumia dawa, anakuja kliniki, ugali kapunguza, ndizi kapunguza kwa shida sana maana kumwambia Mnyakyusa apunguze ndizi ni kesi, kidonda kimeanza kukauka.

Kwa anayetaka kujua kinga yake kwa dhati: nenda maabara yenye cheti cha Bodi ya Maabara Binafsi au hospitali, mweleze daktari unachosikia, yeye ndo atasema upime nini, mara nyingi ni picha kamili ya damu, sukari, VVU, wakati mwingine makohozi. Wakikuuzia kidonge uliza namba ya usajili, dawa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, virutubisho vya chakula ni TBS, shirika la viwango, tangu 2019, tiba asili kuna baraza lake. Sisi tulivyouliza tulionyeshwa leseni ya biashara imewekwa kwenye fremu ukutani, leseni ya biashara haisemi dawa inafanya kazi.

Na kama mtu anatafuta kilichothibitishwa, kipo, sema hakina gari la matangazo. Kulala, mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwadondoshea watu 164 kirusi cha mafua puani, waliokuwa wanalala chini ya saa sita waliugua karibu mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Chanjo ndo usiseme, ndui iliyoua mamilioni iliisha, mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, 1977, na 1980 WHO wakatangaza imetoweka duniani. Wazazi hasa nisikilizeni hapa kwenye surua. 2019 watafiti walipima damu za watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta surua imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo za magonjwa mengine kabisa, mwili umesahau ulichojifunza tangu kuzaliwa. Ukitaka kuona kinga inashuka kweli ni hapo. Na chanjo yake ni bure, miezi 9 na miezi 18, zahanati yoyote, Isyesye, Itewe, Chimala, popote.

Nyota moja niliyotoa ni ya yule kijana kwa namna alivyompokea mama mtu mzima. Kipimo hakipati kitu, vidonge kwa bei ile havipati kitu, na kumwambia mgonjwa wa CTC aache dawa ni jambo la kuripoti kwa mganga mkuu wa wilaya, nimeshaandika na nimepeleka.

Chupa bado ipo kwangu haijafunguliwa. Tulirudi kuomba hela yetu wakasema bidhaa ikitoka hairudi, na risiti waliyotupa haina jina la biashara wala TIN, imeandikwa tu "virutubisho" na 95,000. Kama kuna mtu wa Mbeya au Iringa alishawahi kurudishiwa hela na ofisi za hivi aniandikie hapo chini alipitia wapi, mamdogo anaihitaji kwa ajili ya vile vipande vya kupimia sukari nyumbani.